Tutangulie na Karatasi: Waraka kwa Wanachama wa Sironga

KWA: Wanachama wote, pamoja na vikundi jirani vitakavyoketi nasi
KUTOKA: Katibu wa kikundi, Sironga
KUH: Kikao cha pamoja kabla ya mikutano ya bajeti ya kaunti

Ndugu wanachama, akina baba, akina mama na vijana wetu,

 

Kikao kilichopita tulijadili kama tuungane na vikundi vya mabonde ya jirani tupeleke madai yetu kaunti kwa sauti moja. Neno lililorudiwa kuliko yote siku ile lilikuwa hili: sisi ni wadogo. Wadogo mbele ya kaunti, wadogo mbele ya kiwanda cha chai, wadogo mbele ya vyama vyenye ofisi mjini Kisii na mawakili Nairobi. Mzee wetu mmoja akafunga mjadala kwa kusema kwamba mdogo hupewa kiti cha nyuma, na akichelewa hata hicho hakipati. Watu wakacheka, wakaenda zao, na hatukuamua lolote.

Basi naomba mnivumilie niwaeleze habari za watu walio wachache kuliko sisi. Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti yetu ya Nyamira kuwa na watu 605,576. Shelisheli, nchi kamili yenye rais na wimbo wa taifa, ina watu laki moja na ushei. Vanuatu, huko Pasifiki, ina kama laki tatu. Tuvalu ina watu elfu kumi na moja hivi. Wangeweza wote kuhudhuria mazishi ya mtu mashuhuri hapa kwetu na bado nafasi ikabaki. Hao ndio waliobadilisha maneno ya mikataba ya dunia nzima, na nchi kubwa zikatia saini. Hawakufanya hivyo kwa kuhurumiwa. Kila waliposhinda, karatasi yao ilikuwa imefika mezani kabla ya za wengine, na wao wenyewe walikuwa bado chumbani wakati wengine wamekwenda kulala. Na waliposhindwa, mara nyingi moja kati ya hayo mawili lilikosekana.

Kabla ya kuingia huko, jambo moja la nyumbani. Kenya ilipokewa Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1963. Siku hiyohiyo ilipokewa nchi nyingine ya pwani yetu, nayo ni ya visiwa: Zanzibar. Ilikuwa na kiti chake, na kura yake ilihesabiwa moja, sawa na ya Kenya, sawa na ya Marekani. Kiti hicho hakikudumu, kwa kuwa tarehe 26 Aprili mwaka uliofuata Zanzibar iliungana na Tanganyika. Lakini kanuni ilibaki ileile. Katika Baraza Kuu kura haipimwi kwa uzito wa mfuko wala kwa wingi wa watu. Serikali yetu inalijua hilo vizuri. Agosti 2019, ilipokuwa ikitafuta kiti cha Baraza la Usalama, Rais Uhuru Kenyatta alisafiri hadi Jamaica na Barbados. Mwaka uliofuata Kenya iliishinda Jibuti kwa kura 129 dhidi ya 62. Mkubwa anayehitaji kura hupanda ndege kwenda kwa mdogo. Sisi humwona akija kila baada ya miaka mitano, kisha tunasahau kwamba alikuja kwa sababu tunacho anachokitaka.

Sasa visiwa. Mwaka 1987 mawimbi makubwa yaliupiga mji mkuu wa Maldivi, na rais wao, Maumoon Abdul Gayoom, akaenda New York kuliambia Baraza Kuu kwamba bahari ikipanda nchi yake itafutika. Miaka miwili baadaye aliziita nchi ndogo zikakutana kwake Malé. Mwaka 1990, pembeni mwa mkutano wa tabianchi wa Geneva, zikaunda muungano unaojulikana kwa kifupi kama AOSIS. Leo una wanachama 39, karibu moja ya tano ya kura zote za Umoja wa Mataifa. Wamo Komoro, Shelisheli na Morisi wa bahari yetu. Wamo hata wasio nchi za visiwa, kama Belize na Guyana, kwa kuwa ardhi yao ya pwani ni ya chini na shida ni moja. Sisi ambao hubishana kama mtu wa ng'ambo ya mto anaweza kujiunga na kikundi chetu ingefaa tulitafakari hilo.

Muungano huo hauna katiba iliyoandikwa, hauna makao makuu wala bajeti ya kudumu. Unaendeshwa kama risaga: leo wote kwa huyu, kesho kwa yule, na anayeshika uenyekiti ndiye anayetoa meza na kalamu kutoka ofisi ya ubalozi wake New York. Najua kuna wenzetu wanaosema tusianze chochote hadi tupate cheti, muhuri, akaunti na ofisi. Cheti tukitafute, lakini kisiwe kisingizio.

Niwasimulie kwa kirefu jambo moja, kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachotaka kusema.

Mwaka 1991 mkataba wa kwanza wa tabianchi ulikuwa ukiandikwa. Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vyote, ilileta pendekezo: uanzishwe mfuko wa bima ambao nchi zenye viwanda zitachangia, na bahari ikimeza ardhi ya nchi ndogo, mfuko ulipe. Halikuwa ombi la msaada. Lilikuwa pendekezo lililoandikwa, likieleza nani achangie na nani alipwe. Wakubwa walilikataa. Mkataba ulipotiwa saini Rio mwaka 1992, kilichobaki cha pendekezo lile ni neno moja tu, bima, limejibanza ndani ya kifungu cha nne.

Mtu mwingine angesema wameshindwa, turudi nyumbani. Wao walilishika neno hilo wakakaa nalo. Kila mkutano walilirudisha kwa sura nyingine. Mwaka 2013 huko Warsaw walipata chombo cha kushughulikia hasara na uharibifu, chombo ambacho hakikuwa na fedha. Mwaka 2015 Paris walipata kifungu chao wenyewe, cha nane, ingawa wakubwa waliweka pembeni maneno kwamba kifungu hicho hakitakuwa msingi wa kudai fidia. Mwaka 2021 Glasgow waliomba mfuko wakapewa mazungumzo. Hapo ndipo mtu huchoka kweli: unaomba unga, unaalikwa semina.

Halafu likaja jambo ambalo sisi wakulima wa chai tunaweza kulielewa kuliko watu wengi. Mwaka 2022 mwenyekiti wa Kundi la 77, kundi kubwa la nchi zinazoendelea, alikuwa Pakistan. Ndiyo, Pakistan hiyohiyo inayonunua chai yetu Mombasa kuliko nchi nyingine yoyote, ambayo ikikosa dola bonasi yetu hutetemeka. Mwaka huo mafuriko yaliua watu zaidi ya 1,700 huko na kuwagusa milioni 33. Nchi yenye watu zaidi ya milioni mia mbili ikajikuta na shida ileile iliyosemwa na Vanuatu zaidi ya miaka thelathini nyuma. Lakini Pakistan haikuanza kutunga upya. Karatasi ilikuwepo. Visiwa vilikuwa vimeiandika, vimeinyoosha, vimejua kila pingamizi litakalotolewa na jibu lake. Mkubwa alileta uzito wake, wadogo wakaleta kazi iliyokwisha kufanywa.

Mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, ulifunguliwa tarehe 6 Novemba 2022, na vita vya kwanza havikuwa juu ya fedha bali juu ya ajenda: je, suala la kugharamia hasara liwemo katika orodha ya mambo ya kujadiliwa, ama lisiwemo? Liliingia. Msidharau ushindi huo. Jambo ambalo halimo katika ajenda mwenyekiti hulipitia kwa adabu tu, "tumelisikia", basi. Mkutano ulitakiwa kumalizika Ijumaa, ukamalizika alfajiri ya Jumapili tarehe 20, na mfuko ukakubaliwa. Mwaka mmoja baadaye, siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, ukaanza rasmi na ahadi za kwanza zikatolewa. Fedha zilizoahidiwa ni chache mno ukilinganisha na hasara yenyewe, na ahadi si fedha mkononi. Nasi tumewahi kuahidiwa barabara. Hata hivyo mlango ambao mwaka 1991 haukuwepo sasa upo, na una anwani.

Kikomo cha nyuzi 1.5 za ongezeko la joto duniani nacho kilipatikana kwa njia inayofanana. Nchi kubwa zilikuwa zimeridhika na kikomo cha nyuzi 2. Visiwa vilisema mbili ni mauti yao, na vikasema hivyo tangu Copenhagen mwaka 2009 hadi kila mjumbe akakijua kiitikio. Paris, mwaka 2015, waziri wa Visiwa vya Marshall, Tony de Brum, alikwenda akawakusanya wa Ulaya, Afrika, Karibi na baadaye Marekani yenyewe katika kundi moja. Siku ya mwisho waliingia ukumbini pamoja, kila mmoja amebandika kifuani kipande cha ukuti wa mnazi kutoka visiwani kwake. Nchi yenye watu wachache kuliko wilaya zetu iliwavika wakubwa beji yake. Nambari 1.5 imo katika kifungu cha pili cha mkataba wa Paris mpaka leo, na benki nyingi, wizara nyingi na wengi wanaoandika mipango ya mazingira huitaja.

Lakini Dubai, Desemba 2023, jambo jingine lilitokea ambalo ningependa kila mmoja wenu alikumbuke siku tutakapokwenda ukumbini.

Asubuhi ya tarehe 13, wajumbe wa visiwa walikuwa chumba cha pembeni wakipitia rasimu ya mwisho, sentensi kwa sentensi, kama ilivyo kawaida yao: hawasemi kitu hadi wote wakubaliane. Wakati huohuo, katika ukumbi mkuu, mwenyekiti wa mkutano alifungua kikao, akauliza kama kuna pingamizi, akagonga nyundo. Uamuzi ukapita. Watu wakasimama wakapiga makofi. Ndipo visiwa vikaingia. Anne Rasmussen wa Samoa, aliyeongoza majadiliano kwa niaba yao, alichukua kipaza sauti akaeleza kwa upole kwamba hakuelewa kilichotokea, maana uamuzi umepitishwa na nchi za visiwa vidogo hazimo ukumbini. Alipomaliza hotuba yake ukumbi ulimpigia makofi marefu kuliko yale aliyopigiwa mwenyekiti. Makofi hayakubadili nukta moja ya uamuzi.

Sisi tumeyaona hayo hapahapa bila kupanda ndege. Mikutano ya kukusanya maoni ya umma asubuhi hujaa. Majina yanaandikwa, watu wanasaini, soda na mkate vinagawanywa. Kufikia saa nane, mama ana ng'ombe wa kukamua, baba ana majani ya kupeleka kituoni kabla karani hajafunga mizani, kijana amechoka. Wanaobaki ni wawili watatu waliokuja na gari lao, na hao ndio husikilizwa wakati vipaumbele vinapoandikwa. Kesho yake tunasema kaunti haikutusikia. Karatasi ya mahudhurio inaonyesha tulikuwepo.

Kwa hiyo hili ni la kwanza ninaloomba tulikubali: wajumbe wetu wasiwe wengi, wawe wa zamu. Kundi moja la asubuhi, jingine la alasiri, na wawili ambao kazi yao ni kukaa tu, mpaka mwandishi wa kumbukumbu afunge daftari. Hao wawili tuwakamulie ng'ombe na tuwapelekee majani. Chakula chao, obokima na chinsaga, kitoke kwetu wasiende kukitafuta sokoni wakati uamuzi unapitishwa.

Sitaki mdhani nawauzia hadithi za ushindi mtupu. Bahari yetu wenyewe ina visa viwili ambavyo ni vizuri kuvitazama pamoja.

Morisi, kabla ya uhuru wake mwaka 1968, ilimegwa: Uingereza ilichukua visiwa vya Chagos mwaka 1965, kisha ikawahamisha wenyeji wake wote, na Marekani ikajenga kambi ya kijeshi Diego Garcia. Kwa miongo mingi Morisi ililalamika. Malalamiko yalipogeuka kuwa karatasi ndipo mambo yalianza kusogea. Mwaka 2017, ikisaidiwa na kundi la nchi za Afrika, iliomba Baraza Kuu lipeleke swali katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki: je, uhuru wa Morisi ulikamilishwa kisheria? Kura 94 zilikubali, 15 zikakataa. Tazameni ustadi wa swali. Hawakuomba mahakama iamue kati yao na Uingereza, kwa kuwa Uingereza ingekataa kushitakiwa. Waliomba ushauri wa kisheria, na ushauri Baraza Kuu lina haki ya kuuomba bila ruhusa ya yeyote. Februari 2019 majaji 13 dhidi ya mmoja walisema Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Mei mwaka huo, katika Baraza Kuu, nchi 116 ziliunga mkono ushauri huo, sita tu zikapinga. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zikatia saini mkataba wa kuirudishia Morisi mamlaka, huku kambi ya Diego Garcia ikibaki kwa mkodisho wa miaka 99. Mkataba huo bado una wapinzani wengi London. Na una lawama nyingine nzito zaidi machoni pangu: Wachagos wenyewe, waliofukuzwa na watoto wao, wanalalamika kwamba makubaliano yalifanywa juu ya vichwa vyao. Mdogo akishapata sauti husahau kwamba ndani yake mna wadogo zaidi. Hapa kwetu ni akina mama wanaochuma chai katika mashamba yasiyo na majina yao, na vijana wasio na shamba kabisa. Majina yao hayamo katika rasimu ya madai yetu tuliyo nayo, na hilo lirekebishwe kabla haijatoka mikononi mwetu.

Kisa cha pili ni Komoro. Walijitangazia uhuru Julai 1975, na Ufaransa ikabaki na kisiwa kimoja, Mayotte, ambacho wakazi wake walipiga kura kukataa kuondoka. Februari 1976 suala lilifika Baraza la Usalama, Ufaransa ikatumia kura ya turufu. Komoro ikaenda Baraza Kuu, ikashinda huko mwaka hadi mwaka, maazimio juu ya maazimio, hadi katikati ya miaka ya 1990. Mayotte ikawa mkoa kamili wa Ufaransa mwaka 2011. Hapa karatasi ilikuwepo na kura zilikuwepo, lakini mkubwa alikuwa na turufu, na pia alikuwa na watu wa kisiwa upande wake. Azimio peke yake haliwezi kumhamisha mtu ambaye hataki kuhama na hakuna anayeweza kumsukuma. Komoro ilifanya nini? Iliendelea kudai, na wakati uleule ikakubali kuketi meza moja na Ufaransa katika Tume ya Bahari ya Hindi, pamoja na Shelisheli, Morisi na Madagaska, kwa mambo ambayo wote wanayahitaji. Wengine wataona ni unyonge. Mimi naona ni busara ya jirani anayegombania mpaka na bado anashirikiana na mwenzake kuchimba kisima.

Na Komoro hiyohiyo, mwaka 2023, ilikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Tarehe 9 Septemba, mjini New Delhi, Rais Azali Assoumani aliitwa mbele akaonyeshwa kiti: Umoja wa Afrika umekuwa mwanachama wa kudumu wa kundi la G20. Kazi ya kudai kiti hicho ilifanywa na wengi kwa miaka mingi, lakini aliyekikalia kwanza kwa niaba ya bara zima alitoka katika nchi ambayo watu wake ni wachache kuliko wa mkoa mmoja wa jirani zetu. Uenyekiti wa zamu si heshima tupu. Tukikubaliwa kushika zamu katika umoja wa vikundi, tusikimbie eti kazi ni nyingi.

Wapo watakaouliza kama visiwa havigombani. Vinagombana sana. Februari 2023, Mombasa, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilipigia kura sheria ya kuzuia maboya ambayo meli kubwa huyatumia kukusanya samaki. Maldivi, ambao huvua jodari mmoja mmoja kwa ndoano, waliitaka. Shelisheli, ambao uchumi wao unategemea meli hizo na kiwanda cha kusindika, waliipinga wakiwa bega kwa bega na Umoja wa Ulaya. Hawa ni ndugu wa muungano mmoja wa tabianchi. Wanajua wanakubaliana wapi na wanaachana wapi, na hawauvunji muungano kwa sababu ya samaki. Vikundi vya bonde letu vinatofautiana juu ya mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi. Wenye miti wana sababu zao na wenye kiu wana zao. Napendekeza mikaratusi tusiiingize katika karatasi ya pamoja mwaka huu. Tuiweke kando, tuijadili sisi kwa sisi, na tusimruhusu mtu wa nje aitumie kutugawanya siku ya kudai barabara.

Kuna kitu kingine visiwa vilifanya ambacho kwa kawaida hakisemwi, kwa kuwa hakina kelele. Walibadili kipimo. Kwa miaka mingi walinyimwa mikopo nafuu kwa sababu wastani wa mapato yao ni mkubwa. Shelisheli ilihesabiwa kuwa miongoni mwa nchi za mapato ya juu, ingawa dhoruba moja au ugonjwa mmoja unaofunga utalii unaweza kuivunja. Tangu mkutano wa Barbados mwaka 1994 walidai kipimo kingine kinachohesabu udhaifu, si mapato tu. Agosti 2024 Baraza Kuu lilikubali kipimo hicho. Miaka thelathini. Nasi tunapimwa kwa kilo za majani zinazopita kituoni, na kituo chenye kilo nyingi hupata barabara kwanza. Hakuna anayehesabu kilo zinazooza kwa sababu lori limekwama matopeni. Tukianza kuziandika sisi, kituo kwa kituo, kila wiki ya mvua, tutakuwa na nambari ambayo kaunti haina. Mwenye nambari peke yake hutafutwa.

Najua itasemwa kwamba wao wana viti Umoja wa Mataifa na sisi hatuna kiti popote. Si kweli kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalibana bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatupa haki ya kupeleka maombi kwa maandishi na kujibiwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Aprili. Anayekuja Mei na malalamiko anakuta sahani zimeoshwa. Wengi wetu huja Mei.

Ndiyo maana sitaki kikao chetu kiwe cha hotuba. Kiwe cha kuandika. Tutakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, ili Wasabato wawe wamekwisha kupumzika na wenzetu wa Jumapili wawe wametoka ibadani. Kila kikundi kilete mambo matatu, yasizidi matatu, yameandikwa kwa wino: shida ni ipi, iko wapi hasa, na ni nani anayepaswa kufanya nini. "Tusaidiwe barabara" hatutalipokea. "Kalvati mbili kwenye mteremko kati ya kituo na daraja, kabla ya mvua za Machi" tutalipokea. Kikundi kisicho na mwandishi kimwombe mwanafunzi wa sekondari. Wapo wasichana hapa Sironga wanaoandika Kiswahili safi kuliko makatibu wengi, mimi nikiwemo.

Siku hiyo tutayapunguza yote yabaki manne au matano ambayo vikundi vyote vinaweza kuapa kwayo. Nani atakwenda kuongea na vyama vikubwa vya Kisii tutaamua baada ya karatasi kuwa tayari, si kabla, kwa sababu mkubwa ukimwendea mikono mitupu atakuandikia yeye. Tutachagua pia wale wawili wa kukaa hadi mwisho, na wenye kuwachumia chai siku hiyo wajiandikishe papo hapo. Madaftari ya kuandikia kilo zilizooza ninayo. Kila kituo kimtume mtu mmoja aje kuchukua lake kabla ya Ijumaa, na aje na kalamu yake mwenyewe.

Wenu katika kazi,
Katibu